Bibokoboko hadi Baraka: Mega za rezo si mega za kadi, na hii ndiyo namna ya kuzihesabu

Chukua mtu aliye Bibokoboko, katika milima iliyo juu ya Baraka, teritwari ya Fizi, Kivu Kusini. Ana video ya mtoto wake na anataka kuituma kwa ndugu zake walioteremka Baraka. Amepanda kilima hadi mahali simu inaposhika rezo. Anafungua simu na kusoma namba mbili. Rezo inasema mega 8 kwa sekunde. Video inasema mega 40. Anagawa haraka kichwani: sekunde tano, kazi imekwisha.

Sekunde tano zinapita. Kumi zinapita. Ishirini zinapita, na ule mstari wa kwenye simu haujafika hata kati. Video inamaliza kuondoka baada ya sekunde 40, na kama rezo inayumba, zaidi ya hapo. Mwenye simu anashuka kilima akinung'unika: rezo ni mbaya, ao kampuni ya simu inaiba.

Katika mfano huu hakuna aliyeiba. Zile mega 8 na zile mega 40 ni vipimo viwili tofauti vyenye jina moja mdomoni. Ni kama kuuliza bei ya mchele kwa kilo ukajibiwa kwa gunia. Anayejua tofauti hiyo anaweza kujua mapema kama faili yake itaondoka kabla ya giza, kama forfe itatosha, na kama ni afadhali kuitia kwenye kadi na kumpa mtu anayeteremka.

Kwa wakaaji wa Bibokoboko jambo hili si mchezo wa vijana wa komputa. Mapigano ya Oktoba 2021 yaliwakimbiza watu wengi kutoka huko, na familia nyingi zikagawanyika. Wako walio Baraka, wako walio Uvira. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kambi ya Nyarugusu katika mkoa wa Kigoma, Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1996, ina Wakongomani wengi waliotoka Fizi. Mama na mtoto, babu na mjukuu, wanaonana kwa njia ya simu. Kila mega inalipiwa, na kila dakika ya betri inatoka kwenye pano ya jua ambayo mara nyingi inachaji simu za watu wengi.

Biti na okteti

Kipimo kidogo kuliko vyote ni biti. Biti ni jibu moja tu: ndiyo ao hapana, 1 ao 0. Biti nane zikiunganishwa zinafanya okteti moja, ile ambayo Waingereza wanaiita baiti. Okteti moja inatosha kuandika herufi moja ya kawaida, kwa mfano ile B ya Baraka.

Watu wa rezo wanahesabu biti. Watu wa kadi, flashi na komputa wanahesabu okteti. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia, kwa sababu wote wawili wanasema "mega". Mega maana yake ni milioni tu. Milioni ya nini? Hilo linabaki bila kusemwa.

Kwenye maandishi, tofauti iko katika herufi moja. Mb, yenye b ndogo, ni megabiti. MB, yenye B kubwa, ni megabaiti. Hapa Kongo kuna bahati moja ambayo wasomaji wa Tanzania na Kenya hawana: simu nyingi zimewekwa kwa Kifaransa, na Kifaransa kinatumia o ya okteti. Kwa hiyo ukiona Ko, Mo ao Go, hizo ni okteti bila shaka yoyote. Ukiona kb/s, Mb/s ao Mbps, hizo ni biti. Mtu aliyeweka simu yake kwa Kiingereza hana o ya kumsaidia. Yeye anapaswa kuangalia vizuri kama b ni ndogo ao kubwa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kutoka biti kwenda okteti, gawa kwa 8. Kutoka okteti kwenda biti, zidisha kwa 8. Rezo ya Mb 8 kwa sekunde inapitisha Mo 1 kwa sekunde. Kwa hiyo video ya Mo 40 inahitaji sekunde 40, ndivyo ilivyotokea kule kilimani.

Hata hivyo, safari ya data ina gharama zake. Sehemu ya biti zinazopita hazibebi video yako. Zinabeba anwani, namba za mpangilio na ujumbe wa kuthibitisha kwamba kipande fulani kimefika. Ndiyo maana mafundi wengi hugawa kwa 10 badala ya 8 wanapotaka kukisia haraka. Ni rahisi kichwani, na jibu linakuwa karibu zaidi na ukweli. Mb 8 kwa sekunde zinakuwa kama Ko 800 kwa sekunde.

Kwa nini hawakuchagua kipimo kimoja?

Waya wa simu, na baadaye mawimbi ya redio, vilizoea kupitisha alama moja baada ya nyingine, kama watu wanaovuka daraja la mti mmoja. Fundi wa daraja anahesabu wangapi wanapita kwa sekunde. Kwa hiyo tangu zamani mwendo wa rezo unahesabiwa kwa biti.

Komputa nayo haisomi biti moja moja. Inachukua furushi zima kwa wakati mmoja. Jina la furushi hilo, baiti, lilitungwa mwaka 1956 na Werner Buchholz, mhandisi wa kampuni ya IBM ya Marekani. Mwanzoni furushi halikuwa na ukubwa mmoja. Mwaka 1964 IBM ilitoa komputa za System/360 zenye furushi la biti nane, na kipimo hicho kikaenea duniani kote. Tangu hapo kila kitu cha kuhifadhia, kuanzia diskete hadi kadi ya simu, kinahesabiwa kwa okteti.

Vifaa vya zamani vinaonyesha mgawanyiko huo vizuri. Diskete iliyoandikwa 1.44 iliweza kubeba okteti 1,474,560, yaani karibu megabiti 11.8. CD ya kwanza ilisomwa kwa Ko 150 kwa sekunde, na mwendo huo ndio ulioitwa 1x. Komputa iliyoandikwa 52x inasoma mara 52 ya hapo, karibu Mo 7.8 kwa sekunde. Kwa lugha ya rezo hiyo ni zaidi ya Mb 62 kwa sekunde. Nayo kadi ya memori iliyoandikwa namba 10 ndani ya herufi C inaahidi kuandika angalau Mo 10 kwa sekunde, yaani Mb 80 kwa sekunde.

Kijana anayeuza nyimbo na filamu kwa kuzinakili kwenye flashi anaona jambo hili kila siku, hata kama halijui kwa jina. Filamu ya Mo 700 inaingia kwenye kadi kwa mwendo wa Mo 10 kwa sekunde, ndani ya sekunde 70. Mteja wake akisikia kwamba rezo nayo ina "mega 10", anafikiri ataishusha mwenyewe kwa sekunde 70 vilevile. Kwa kweli rezo ya Mb 10 kwa sekunde itachukua sekunde 560, zaidi ya dakika tisa, kama haikuyumba hata kidogo.

Forfe iliyokwisha kabla ya chai kupoa

Malalamiko makubwa ni juu ya forfe. Mtu ananunua mega 500, anafungua video, na kabla ya nusu saa anapata ujumbe kwamba zimekwisha. Anaapa kwamba ameibiwa.

Mega za forfe ni Mo, okteti, kwa sababu zinapima mzigo. Mega za mwendo ni Mb, biti, kwa sababu zinapima kasi. Weka hesabu pamoja. Kwenye rezo inayopitisha Mb 4 kwa sekunde, kila sekunde inakula Mo 0.5. Mo 500 zinakwisha kwa sekunde 1,000, yaani dakika 16 na sekunde 40. Kwenye rezo ya Mb 8 kwa sekunde, zinakwisha kwa dakika 8 na sekunde 20. Rezo ikiwa nzuri zaidi, forfe inaweza kukimbia zaidi, hasa pale programu ya video inapoona kasi kubwa na kuchagua picha safi zaidi yenyewe.

Ni rahisi kuelewa kwa nini watu wana mashaka. Mwaka 2020 serikali ilianzisha kodi ya RAM juu ya simu za mkononi: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G ao 4G, ikikatwa kwenye uniti za mwenye simu. Ilipingwa sana nchini kote hadi ikaondolewa mwaka 2022. Mtu aliyewahi kuona uniti zake zikitoweka ana haki ya kuuliza. Lakini anayeuliza akiwa na hesabu mkononi ana nguvu kuliko anayelalamika tu. Simu inaonyesha, katika mipangilio yake, kila programu imekula Mo ngapi. Jumla hiyo ikiwa ndogo sana kuliko forfe iliyokatwa, hapo kuna neno la kupeleka kwa kampuni, na ikishindikana, kwa ARPTC, mamlaka ya serikali inayosimamia posta na mawasiliano. Jumla hiyo ikilingana na forfe, basi mwizi ni video.

Anayetaka kuokoa forfe anaweza kugeuza hesabu upande wa pili. Video inayopita kwa Mb 1 kwa sekunde inakula Mo 7.5 kwa dakika. Saa nzima inakula Mo 450. Ujumbe wa sauti uliobanwa kwa kilobiti 16 kwa sekunde unakula Ko 2 kwa sekunde, ao Ko 120 kwa dakika. Saa nzima ya sauti hiyo haifiki Mo 8. Kwa Mo zilezile, mtu anapata dakika moja ya kuonana ama saa nzima ya kusikia sauti.

Habari ya dakika tatu na kilima kimoja

Mfano unaouma zaidi ni wa yule anayetuma sauti kwa redio. Tuseme amerekodi taarifa ya dakika tatu huko mlimani, na habari zinasomwa saa kumi na mbili jioni. Mahali alipo, simu inaonyesha herufi E, alama ya rezo ya zamani ya EDGE, na kipimo kinasema 100 kb/s.

Kama amerekodi sauti bila kuibana, kwa ubora wa CD, kila sekunde inakula karibu Ko 176, na dakika tatu zinafika Mo 31.75. Akisoma zile 100 kama Ko, atahesabu dakika tano na kidogo, na atapanda kilima saa kumi na moja na nusu bila haraka. Lakini 100 kb/s ni Ko 12.5 kwa sekunde. Faili ile inahitaji dakika 42. Habari zitasomwa bila yeye, na yeye atakuwa kilimani gizani, simu ikiwa imebaki na betri kidogo. Katika milima ambako usalama si jambo la kuhakikishwa, dakika 37 za ziada kilimani si hesabu ya darasani.

Dawa iko kwenye simu yenyewe. Akiigeuza sauti kuwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, dakika tatu zinakuwa Mo 2.88, na zinaondoka kwa dakika 3 na sekunde 50. Kwa mazungumzo ya mtu mmoja, MP3 ya kilobiti 64 inasikika vizuri. Hapo taarifa nzima inakuwa Mo 1.44, karibu sawa na diskete moja ya zamani, na inaondoka kwa sekunde 115, chini ya dakika mbili.

Rezo ama miguu?

Kuna wakati hesabu inatoa jibu ambalo wengi hawalitegemei: afadhali miguu. Tuseme mtu anatoka Bibokoboko kwenda Baraka na safari inamchukua saa tano. Mfukoni ana kadi ya Go 32 iliyojaa. Go 32 ni gigabiti 256. Zigawe kwa sekunde 18,000 za saa tano: mtu huyo anasafirisha data kwa wastani wa Mb 14 kwa sekunde. Rezo yenye E haiwezi hata kumkaribia.

Katika saa hizohizo tano, rezo ya 100 kb/s inaweza kupitisha Mo 225 tu. Basi hapo ndipo penye mpaka. Mzigo ulio chini ya Mo 225, rezo inashinda. Ukizidi hapo, miguu inashinda. Picha 200 za Mo 4 kila moja ni Mo 800. Kwa rezo ile zingehitaji karibu saa 18. Kwa kadi, ni saa tano za njia na dakika moja na nusu hivi ya kunakili.

Jambo hili lilionyeshwa hadharani Afrika Kusini mnamo Septemba 2009. Kampuni moja ya Durban, iliyochoshwa na intaneti ya polepole, ilimfunga njiwa aitwaye Winston kadi ndogo ya Go 4 na kumrusha kutoka Howick hadi Hillcrest. Njiwa alifika baada ya saa moja na dakika nane. Pamoja na kunakili, kazi yote ilichukua saa mbili na dakika saba hivi. Wakati huo laini ya intaneti ilikuwa imepitisha asilimia 4 tu ya mzigo uleule.

Miguu ina hatari zake. Kadi inalowa, inapotea, na katika Fizi, ambako vizuizi vya barabarani si jambo geni, mtu mwingine anaweza kuichukua na kuona yote yaliyomo. Anayetuma kadi anapaswa kubaki na nakala nyumbani, na kutoweka humo kitu ambacho kingemtia mbebaji matatani.

Go 64 zilizokuwa 59.6

Mtego wa mwisho uko dukani. Mtu ananunua kadi ya Go 64, anaitia kwenye komputa ya Windows, na komputa inasema 59.6. Anarudi kwa muuzaji na hasira.

Mtengenezaji anahesabu kwa elfu: Go 1 ni okteti bilioni moja. Windows inahesabu kwa 1,024, kwa sababu komputa inapenda kuzidisha kwa mbili, na 1,024 ni mbili kumi zilizozidishwa pamoja. Okteti ni zilezile bilioni 64. Aliyebadilika ni mhesabuji. Mwaka 1998 shirika la kimataifa la vipimo vya umeme, IEC, lilitoa majina mapya kwa vipimo vya 1,024, kama kibi, mebi na gibi, ili ubishi uishe, lakini Windows iliendelea kuandika kama zamani. Kadi ya Go 32 itaonyesha 29.8. Ikionyesha 29.8, muuzaji ni mwaminifu. Ikionyesha pungufu sana ya hapo, ao ikianza kupoteza picha kabla haijajaa, hapo kweli mtu ana sababu ya kurudi dukani.

Watu wa rezo wao wanahesabu kwa elfu siku zote. Kilobiti ni biti 1,000, megabiti ni biti milioni.

Namba nyingine zinakuja

Hesabu hizi zitahitajika zaidi siku zijazo. Machi 2024 ARPTC ilionya kwamba kutumia Starlink, intaneti ya satelaiti ya Marekani, hakujaruhusiwa nchini. Mei 2025 ilitangaza kuipa kampuni hiyo leseni. Satelaiti haihitaji mnara juu ya kilima, na kwa milima ya Fizi hilo lina maana kubwa. Lakini matangazo yake, kama ya kampuni zote za rezo, yanasema Mbps. Anayesoma Mbps 100 ajue anaahidiwa Mo 12.5 kwa sekunde kwa upande wa kushusha. Kupandisha, yaani kutuma, kwa kawaida ni kwa mwendo mdogo zaidi, na mtu anayetuma video kwa familia anahitaji namba ya kutuma, si ile ya kushusha.

Kabla ya kupanda kilima, basi, ni maswali matatu. Faili yangu ni Mo ngapi? Rezo ya pale juu ni Mb ngapi kwa sekunde, kwa kutuma? Nikigawa kwa kumi, itachukua muda gani? Jibu likiwa dakika tatu, panda. Likiwa saa mbili, bana faili, ama tafuta mtu anayeteremka Baraka kesho asubuhi.

Na kama kuna neno ambalo haliwezi kungoja, SMS bado ipo. Moja ina nafasi ya okteti 140 tu, herufi 160. Haihitaji forfe ya mega, na inapita hata kwenye rezo ya E. "Tumefika salama, watoto wote wako hapa" inaingia ndani yake na nafasi inabaki.